Milioni 22 na magari matatu: kisa cha gari la uwanjani kutoka Tabora

Kijana mmoja wa Isevya hapa Tabora, fundi umeme wa majumbani, aliweka akiba mpaka ikafika shilingi milioni 22. Hakutaka Noah ya kukodisha wala bodaboda za kugawia vijana. Alitaka gari la kukimbiza, la kupeleka kwenye siku za uwanja, ambako dereva anaingia peke yake kwenye njia iliyofungwa na kushindana na saa. Akitoka huko alirudishe gereji, aliboreshe kidogo kidogo.

Mezani alikuwa na magari matatu. La kwanza ni Subaru Impreza WRX iliyokuwa Mwanza, mwenye nayo akitaka milioni 17. La pili ni Toyota Altezza RS200 ya hapa hapa Tabora mjini, milioni 11 na nusu. La tatu ni Mark II Grande ya Nzega, milioni 9, ambayo wazee wake ndio walioipendekeza. Aliponipigia alishaamua. "Kaka, mimi nachukua Subaru. Nataka uje unikagulie tu, nisije nikauziwa mbuzi kwenye gunia."

Nimeona magari mengi ya aina hii yakiishia chini ya mwembe, matairi yameshuka upepo na majani yamejaa juu ya boneti. Mengi yalinunuliwa kwa mlio wa bomba na hesabu ya nguvu za farasi. Kabla ya kwenda Mwanza, kwa hiyo, nilimketisha kwanza tuzungumze.

Swali langu la kwanza lilikuwa: utalikimbizia wapi? Tabora haina uwanja wa mbio za magari. Mchezo huu kwetu umekuwa zaidi wa vumbi kuliko wa lami, na mashindano yamezoea kufanyika Arusha, Tanga, Iringa na Morogoro. Kutoka Tabora mpaka Arusha kwa kupitia Nzega, Singida na Babati ni zaidi ya kilomita 600. Mpaka Dar es Salaam kwa kupitia Itigi na Manyoni ni zaidi ya 800. Maana yake gari litaendeshwa siku nzima kabla halijagusa uwanja, litakimbizwa, kisha litaendeshwa siku nzima kurudi. Ukipanda juu ya Canter na gari lako, gharama ya safari inaanza kula hela ya matairi. Gari la mtu wa Tabora, tofauti na la mtu anayekaa jirani na uwanja, lazima liwe na uwezo wa kurudi nyumbani.

Hapo hesabu ikabadilika. Akitoa milioni 17 anabaki na 5, na ndani ya hizo 5 kuna matairi, breki, mafuta ya injini, safari, malazi, kiingilio, kofia ngumu, na chochote kitakachovunjika. Nilimwambia bei ya gari ikizidi nusu ya mfuko kwa mbali, ajue amenunua gari na hakununua mchezo.

Hakunyamaza, na hoja yake ilikuwa nzuri. Alisema Tabora ipo juu, hewa ni nyepesi, gari lisilo na turbo, ile feni inayosindilia hewa kwenye injini, linachoka. Ni kweli. Mji upo karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo mgandamizo wa hewa unapungua kwa takriban asilimia 13. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Farasi 210 za Altezza zinazoandikwa kwenye karatasi, hapa kwetu ni kama 180, na Arusha ipo juu zaidi yetu. Turbo hufidia upungufu huo kwa kuzunguka kwa kasi zaidi. Kwa hoja hiyo peke yake Subaru inashinda, na magurudumu yake manne yote yanavuta, jambo ambalo kwenye vumbi ni faida kubwa. Sikumpinga. Nilimwambia tukaione.

Gari lilikuwa la bluu, bodi ya GDA, safi kwa nje. Ndani yake ni injini ya EJ205, sentimita za ujazo 1,994, silinda nne zilizolala mbili kila upande, farasi 250 lilipotoka kiwandani. Tatizo ni kwamba halikuwa tena kama lilivyotoka kiwandani. Bomba la moshi lilikuwa kubwa kuanzia kwenye turbo hadi nyuma, filta ya hewa ilikuwa ya wazi, na pembeni kulikuwa na kidude cha kupandisha presha ya turbo, kimefungwa kwa mpira wa bei rahisi. Nikauliza nani aliyepanga upya kompyuta ya injini baada ya hayo yote. "Kuna fundi mmoja Dar." Karatasi? Hakuna. Presha imepandishwa mpaka wapi? Hajui.

Hapa ndipo magari ya namna hii yanapofia, kwa hiyo nieleze taratibu. Ukiruhusu hewa nyingi zaidi iingie bila kuongeza petroli inayolingana nayo, mchanganyiko unakuwa mkavu na joto ndani ya silinda linapanda. Zaidi ya hapo, magari haya yalipangwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, inayofika karibu na okteni 100, yaani kipimo cha petroli kustahimili kuwaka kabla ya wakati, na ya kwetu ni pungufu. Petroli inawaka kabla ya wakati wake, injini inagonga, na kila mgongo wa pistoni na kila beringi ya konrodi inapokea kipigo. Barabarani dereva anaweza asisikie kitu kwa miezi. Uwanjani, ambako mguu unakaa chini dakika nzima, ndipo inapojitokeza.

Tuliomba ruhusa ya kumwaga oili, tukiahidi kuweka mpya kwa gharama yetu pamoja na filta. Mwenye gari alikubali kwa moyo mweupe. Oili ya zamani niliipitisha kwenye kitambaa cheupe, haikuonyesha kitu cha kutisha. Kisha nikakata ganda la filta kwa msumeno, nikalikunjua lile karatasi la ndani mkunjo kwa mkunjo, tukalitoa juani. Kwenye mikunjo ya katikati kulikuwa na vipande vyembamba vya chuma, vingine vyeupe, viwili vitatu vya rangi ya shaba. Ukungu wa kijivu kwenye oili ni uchakavu wa kawaida wa injini yoyote. Vipande vinavyoonekana kwa macho na kushikika kwa kucha ni beringi inayoliwa. "Ndugu yangu, hiyo ni kawaida ya Subaru," mwenye gari alisema, na naamini alikuwa anasema anachokiamini. Si kawaida ya gari lolote.

Nilichomwambia kijana tukiwa pembeni ni hiki: injini ile ingeweza kwenda mwaka mzima, au ingeweza kufa ikipanda mlima wa Sekenke. Kuifungua beringi, injini ya silinda zilizolala haina njia ya mkato. Inashuka chini yote na kugawanywa mapande mawili. Tabora tuna mafundi hodari wa Toyota, wengine wanaweza kufunga injini ya 1G ya Toyota usiku umeme umekatika. Anayeigawanya EJ205 na kuirudisha kwa vipimo vyake, simjui hapa mjini. Kwa hiyo tatizo lile halikuwa na bei. Ungeweza kusema milioni 3, ungeweza kusema 7, na ukizimaliza zote bado gia boksi ya spidi tano ya gari hilo inajulikana kwa kuvunjika meno gari likiondoshwa kwa fujo.

Aliumia. Njia nzima ya kurudi alikuwa kimya.

Mark II haikutuchukua muda. Ilikuwa GX110, injini ya 1G-FE ya silinda sita, farasi 160, otomatiki, nzito na tulivu. Spea zake zinapatikana mpaka Urambo. Ni gari zuri la kwenda harusini Igunga na kurudi na mama nyuma akiwa amelala. Kuligeuza liwe la uwanjani kunaanza na kubadilisha gia boksi, na ukishabadilisha hiyo pamoja na pedali ya klachi na shafti, umeshafika bei ya Altezza bila kuwa na Altezza. Wazee nilikwenda kuwaona mwenyewe, kwa sababu wasiwasi wao ulikuwa wa haki: hela ya miaka inakwenda kwenye mchezo. Baada ya shikamoo na maji ya kunywa, mzee aliuliza jambo moja tu la maana, kama hilo gari lingine litambeba mtu akiugua usiku. Altezza ni sedani ya milango minne. Akasema basi, mwacheni mtoto.

Sasa Altezza. Dalali aliitangaza kwa maneno yetu yaleyale: gari kali, injini haijaguswa, ni kuweka mafuta na kuondoka, maelewano yapo. Kitu cha kwanza nilichokiangalia ni kibati cha chesisi. Toyota iliuza Altezza kuanzia mwaka 1998 kwa namna mbili kuu. SXE10 ndiyo RS200, yenye injini ya 3S-GE ya silinda nne, lita 2. GXE10 ndiyo AS200, yenye 1G-FE ileile ya Mark II. Kwa nje zinafanana, na maandishi ya RS200 kwenye buti mtu yeyote anaweza kuyabandika. Kibati kilisoma SXE10, na chini ya boneti zilikuwepo koili nne, moja kwa kila silinda, si sita. Gia zilikuwa za mkono, spidi sita. Hilo nalo lina uzito: 3S-GE iliyotoka na gia za mkono ndiyo yenye farasi 210 kwa mizunguko 7,600, ya otomatiki ina 200.

Neno "haijaguswa", kwa mara moja, lilikuwa kweli. Filta ya hewa ilikuwa kwenye boksi lake la kiwandani, bomba lilikuwa la kiwandani, na nyaya hazikuwa na mkato hata mmoja uliofungwa selotepu. Kwa gari la kuboresha hii ni sifa kubwa kuliko kifaa chochote ambacho muuzaji angeweza kukifunga. Unaanza pale kiwanda kilipoishia. Vinginevyo unaanza pale mtu usiyemjua alipoishia, na hakukuachia hata karatasi.

Tulipima mgandamizo wa silinda. Injini ikiwa na joto, plagi zote nne nje, petroli imekatwa, betri imejaa, mtu mmoja amekanyaga eksileta mpaka chini. Geji ilisoma paundi 168, 165, 170 na 166. Hapa kuna jambo ambalo fundi wa mwinuko wetu lazima alijue: hewa nyepesi huishusha namba ya geji, kwa hiyo ukilinganisha na kitabu kilichoandikwa kwa usawa wa bahari utadhani injini imechoka. Kinachosema ukweli ni tofauti kati ya silinda na silinda, na ikivuka asilimia 10 ndipo uanze kuuliza maswali. Hapa ilikuwa ndogo mno. Oili ilitoka nyeusi bila chembe, na filta ikakatwa kama ile ya Mwanza. Safi.

Kisha yakaja mabaya. Gia ya pili ilikuwa inakwaruza gari likiwa baridi na ukiivuta haraka, sinkronaiza, kile kinachoilainisha gia kuingia, imeliwa. Mkanda wa taimingi haukuwa na kumbukumbu ya lini ulibadilishwa. Tangi la juu la rejeta, lile la plastiki, lilikuwa limebadilika rangi kuwa kahawia, dalili ya plastiki iliyokaangwa miaka mingi. Bushi za mbele zilikuwa na nyufa. Matairi yalikuwa na kashata nzuri, lakini pembeni yalisoma 3115, yaani wiki ya 31 ya mwaka 2015. Mpira wa umri huo umekauka na hauna tena mshiko, hata kashata iwe ndefu namna gani. Bawa la mbele kushoto lilikuwa limenyooshwa na kupakwa rangi upya. Nikalala chini kutazama reli ya chesisi upande huo na maungio ya pale shokamzoba inaposhikia. Yalikuwa ya kiwandani.

Kwa mtazamo wa haraka, Altezza ilikuwa na kasoro nyingi kuliko Subaru. Niliziandika zote kwenye daftari, na mbele ya kila moja tukaweka bei, kwa kupiga simu madukani hapo hapo. Mkanda na pampu ya maji, bei hii. Rejeta, bei hii. Hata gia boksi: tukauliza Dar ikitafutwa iliyotumika itasimama kwa kiasi gani, tukaandika milioni 2 na nusu na kuitenga hiyo hela siku ileile. Hii ndiyo hukumu yangu ya kisa kizima. Subaru ilikuwa na ubovu mmoja usio na bei. Altezza ilikuwa na ubovu sita, kila mmoja na bei yake. Anayenunua gari la uwanjani kwa akiba ya jasho achukue ule anaoweza kuuhesabu.

Daftari hilo ndilo lililofanya maelewano. Muuzaji alipoona orodha hakuwa na la kubisha, wakafikia milioni 9 na laki 8. Kadi ililinganishwa na namba za chesisi na injini, madeni ya faini yakaangaliwa, umiliki ukabadilishwa TRA kabla ya kitu kingine chochote.

Kijana alitaka kuanza na bomba la moshi. Nilikataa, na kwa hili sikuwa mpole. Tulianza na breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na kwa masika ya Tabora hunyonya haraka. DOT 4 mpya inatakiwa isichemke kabla ya nyuzi 230; ikishanyonya maji, kiwango chake cha chini ni 155. Ukikimbiza gari na kulisimamisha kwa nguvu kona baada ya kona, joto la kalipa linaweza kuvuka hiyo 155 bila shida, mafuta yanageuka mvuke, na pedali inazama mpaka chini bila gari kusimama. Hakuna farasi atakayekusaidia hapo. Tukamwaga yote, tukaweka mapya, tukaweka pedi zinazostahimili joto. Baadaye mkanda wa taimingi na pampu ya maji, rejeta, bushi, na matairi manne ya umri wa miezi. Oili tukaiweka ikae kwenye alama ya juu ya kijiti, kwa sababu kwenye kona ndefu oili hukimbilia upande mmoja na pampu inaweza kuvuta hewa.

Alinunua pia kofia ngumu inayofunika uso wote. Bima kubwa aliyokuwa anaifikiria nilimweleza aisome vizuri, kwa maana kwa kawaida bima za magari hazilipi ajali ya mashindano wala ya majaribio ya mwendo.

Kulikuwa na asubuhi aliyotaka kwenda kujaribu gari barabara ya Nzega, kabla magari hayajawa mengi. Nilimwambia akifanya hivyo nimeishia hapo, sitamshikia spana tena. Saa hizo barabara ile ina watu wa baiskeli wenye magunia ya mkaa, ng'ombe wanaovuka, na watoto wa shule wanaotembea pembeni mwa lami. Mazoezi aliyafanyia kwenye uwanja mtupu wa mtu aliyemwomba ruhusa, kwa ndoo za plastiki badala ya koni: kuanza, kusimama, kugeuka, tena na tena, mwendo mdogo. Huko ndiko alikojifunza kwamba gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma hugeuzwa pia kwa mguu wa kulia.

Siku ya uwanja, Arusha, alifika kwa magurudumu yake mwenyewe. Uwanja ulikuwa wa kokoto zilizoshindiliwa. Impreza nzima, zilizotunzwa, zilimwacha mbali, na hilo tulilitarajia. Ingekuwepo WRX ya namna hiyo kwa bei anayoiweza, ningemshauri aichukue bila kusita. Lakini mshale wa joto haukusogea, pedali ya breki ilibaki juu mpaka mzunguko wa mwisho, na muda wake ulishuka kila alipoingia. Kilichokufa ni kilekile tulichokiandika. Alasiri gia ya pili ikakataa kuingia. Alirudi Tabora akiiruka, kutoka ya kwanza kwenda ya tatu, na gia boksi iliyotumika ikaletwa kutoka Dar kwa hela iliyokuwa imetengwa. Hakukopa, hakuuza kitu.

Sasa anataka kufunga turbo kwenye hiyo hiyo 3S-GE. Nimemwonyesha kwa nini nasema hapana: injini hiyo ina mgandamizo wa 11.5 kwa 1, mkubwa mno kwa kuongezewa presha kwa petroli yetu bila kubadili pistoni, na gia boksi ya spidi sita tuliyoifunga juzi haipendi mzigo wa namna hiyo. Tumekubaliana fedha inayofuata iende kwenye difu yenye kizuizi, isiyoacha gurudumu moja lizunguke bure, kwa sababu gari lake halikuja nayo, na kule Arusha kila alipotoka kwenye kona gurudumu la ndani lilikuwa linachimba kokoto bure. Imeshapatikana moja Dar. Ikifika tutaifungua kwanza tuone meno yake kabla ya kulipa iliyobaki.